Ukurasa Mtupu wa Kamusi

Kampuni ya uhasibu iliyotuacha mwaka jana ilirudi na jaribio la mwezi mmoja. Dada yangu mkubwa, mwenye ofisi, alituambia sote watano bila kuzunguka: jaribio likifeli, anafunga ofisi na kila mtu atafute pa kwenda.

Kosa la mwaka jana lilikuwa letu. Kampuni iko nchi ya mbali. Walitutumia picha za risiti za wateja wao, sisi tukaziingiza vitabuni. Kila walipouliza kama tumeelewa, tulijibu hakuna shida. Tusipoelewa, tulibahatisha. Mimi nilibahatisha kuliko wote, maana wenzangu waliniita Kamusi, na nilijiapiza kutotamka neno sijui. Pango la duka moja nililiandika mshahara miezi minne mfululizo, kwa kuwa lililipwa kwa jina la mtu. Mwenye duka akapigwa faini.

Safari hii dada aliweka daftari meza ya kati. Kila mtu aandike walau swali moja kwa siku, na saa nne asubuhi alisome mwenyewe kwenye simu ya video, mbele ya msimamizi wa kule, mama mtu mzima tuliyembandika jina la Kalamu Nyekundu. Ukurasa wangu ulikaa mtupu siku tisa. Binti anayeshughulikia mishahara aliniambia niuchane tu, ufungiwe karanga.

Siku ya kumi ikaja risiti ya shule ya muziki: mipira ya tenisi mia mbili. Nilikwishaanza kuiandika kuwa matumizi binafsi ya mwenye shule. Mtu anapenda tenisi, basi. Nikainua macho. Dada alikuwa kwenye kompyuta yake, anasoma tangazo la kazi ya kuajiriwa, midomo ikicheza taratibu kama mtu anayekariri. Nikavuta daftari.

Saa nne nikasoma, masikio yakiwaka: "Shule ya muziki inafanyia nini mipira ya tenisi?"

Binti wa mishahara alichekea puani. Kalamu Nyekundu hakucheka. Alipekua faili lake, akapekua tena.

"Sijui," akasema. "Miaka mitatu naiandika matumizi binafsi ya mwenye shule, na sijawahi kumuuliza."

Akampigia mteja papo hapo, sisi tukingoja. Kumbe mipira hukatwa na kuvishwa miguu ya viti, visikwaruze sakafu watoto wakipiga fidla. Ni matumizi halali ya shule. Kodi ilikuwa ikilipwa zaidi ya stahili.

Aliporudi kwetu alikuwa amevua miwani. Alikiri kwamba mwaka jana walitumwagia risiti tu, bila kutueleza mteja ni nani wala shughuli zake ni zipi.

"Nilidhani mnajua," alisema.

"Nasi tulidhani mnataka watu wanaojua," dada akamjibu. Kisha akavuta kiti karibu na kamera. "Mama, tuambizane ukweli. Tunafunga au tunaendelea?"

"Jumatatu nawaletea wateja wanane. Kila mmoja nitawasimulia kwanza anavyoendesha kazi yake. Na huyo kijana wa tenisi apewe wale wakorofi."

Jina la Kamusi lilikufa pale pale. Kufika mchana nilikuwa Tenisi. Dada alizima kamera, akaenda msalani, akakawia. Aliporudi uso ulikuwa umelowa maji. Akatuuliza tunakodoa nini, kazi haijiandiki yenyewe.