Wekundu Uliovuka Reli

Mchora ramani wa polisi alikuwa na ramani mbili kwenye kompyuta yake, na mkutano ungeanza mara tu baada ya chai. Afande alitaka moja tu, ya kumwonyesha wapi apeleke askari mchana ule kusaka waporaji wa simu.

Ramani ya kwanza ndiyo Afande aliyoizoea. Kila tukio linadondoshwa kama tone la rangi, matone yanaachwa yasambae, na yanapokutana panakuwa pekundu. Ubaya wake uko hapo kwenye kusambaa: ukiyaachia matone yaende mbali, wekundu unafika hata pasipoibiwa mtu. Huu ulikuwa umevuka reli na kufunika mtaa mzima wa watu wasio na habari. Mwezi uliopita askari waliufuata wekundu huohuo, wakavunja milango, wakarudi na vijana lori zima. Simu ya wizi haikuonekana hata moja, lakini walipongezana kweli kweli.

Ya pili mchora ramani aliitengeneza mwenyewe wiki ile. Haikusambaza kitu. Ilihesabu matukio barabara kwa barabara, kila kipande na chake. Mtaa wa ng'ambo ya reli ukawa mweupe pee. Karibu matukio yote yakajazana kwenye kichochoro kimoja kifupi nyuma ya kituo cha mabasi, na alipokiona alikitambua mara moja.

Kwenye kichochoro kile ndiko alikofanyia kazi mdogo wake, fundi simu. Dada mtu ndiye aliyemlea, ndiye aliyempeleka kujifunza ufundi. Siku hizi kijana alivaa viatu ambavyo dada hakuthubutu kumuuliza kavitoa wapi. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe alikuwa akiifua kwa mikono yake tangu mdogo wake akitambaa.

"Dada, weka ile nyekundu tumalize," koplo wa zamu alimwambia. "Afande anapenda rangi."

"Na hii nyingine?"

"Hiyo ina vijistari tu. Italeta maswali."

Angebofya mara moja tu, wekundu ungevuka reli tena, na milango ya watu wengine ingevunjwa. Hakuna ambaye angemlaumu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, bwana! Aliona aibu kwa jinsi alivyotamani kubofya.

Mkutanoni akaziweka zote mbili ukutani.

"Afande, taarifa ni zilezile. Tofauti ni namna ya kuzichora. Hii inapaka, hii inahesabu."

"Sasa mimi nishike ipi?"

"Inayohesabu. Huku ng'ambo hakuna kitu. Tulipaka sisi wenyewe."

Koplo akainamia kikombe chake. Afande akasogea ukutani, akaweka kidole kwenye kile kichochoro.

"Hapa kuna nini?"

"Mafundi simu." Akaikaza sauti. "Mmoja ni mdogo wangu."

"Mdogo wako wa ukoo, au tumbo moja?"

"Tumbo moja, Afande."

Afande hakuwa mtu mbaya, wala mjinga hakuwa. Alinyoosha kiganja.

"Simu yako, mama. Utaipata kazi ikiisha."

Akampa. Ikawekwa mezani, na haikukaa sana ikaanza kuita. Kioo kikaandika: Mdogo Wangu. Wote waliitazama inavyotetemeka kuelekea ukingoni. Afande akaipokea, akafungulia sauti wote wasikie, akamnong'oneza mwenye simu, "Ongea kama kawaida."

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Dada, kuna simu imeingia leo, kali, haina hata mkwaruzo! Nimekuwekea wewe, nimewanyima wote. Nikuletee ofisini sasa hivi?"

Askari mmoja alicheka puani. Mchora ramani aliziba mdomo kwa kiganja. Neno moja tu, niletee, na mdogo wake angetoka kichochoroni kabla gari halijawaka, msako usimkute. Afande alimkazia macho, akatikisa kichwa taratibu.

"Usije," dada alisema. "Kaa hapohapo. Nakuja mwenyewe."

"Haya dada. Sitoki, nakusubiri."

Afande akakata simu. Askari wakavaa kofia zao wakatoka mmoja mmoja, na mchora ramani akalia mbele yao bila kujificha.