Asteroidi Isiyo na Mkia

"Shemeji, mkia huu umeusuka mwenyewe au umeazima?"

Mtafiti aliendelea kuikodolea macho picha kwenye skrini. Aliyeuliza ni mume wa dada yake, fundi wa darubini ya miale ya joto, na tangu wajikute ofisi moja haijapita siku bila kumchokoza. Leo hakuwa na hamu ya utani. Saa nane mkuu wa kituo angeamua nani apewe muda wa darubini, na yeye alikuwa na picha ya darubini hiyo, ya asteroidi, mwamba unaozunguka jua, inayomwaga vumbi kama nyota yenye mkia. Mama yake ameshaambiwa. Maana yake mtaa mzima unajua.

"Wivu tu huo. Vumbi hulioni?"

"Naliona. Nauliza tu, picha zote hizi umezipandanisha moja juu ya nyingine kwa kufuata nini?"

"Nyota. Kwani..."

Akaitazama picha upya. Nyota zimetulia, asteroidi inatembea. Ukipandanisha picha kwa kufuata nyota, kitone kinachotembea kinajichora mstari.

"Malizia, shemeji. Kwani nini?"

"Hebu nitokee hapa!"

Akazipandanisha upya, safari hii akiifuata asteroidi yenyewe. Nyota zikageuka mistari. Mkia ukayeyuka, kikabaki kitone kimoja king'avu.

"Pole. Kumbe lilikuwa wigi."

Alitaka kumrushia kalamu, ila macho yalinasa kwenye kile kitone. Kwa darubini ya kawaida kilikuwa hafifu, cha kutafuta kwa tochi. Mbona kwenye picha hizi za joto kinawaka hivi? Akapiga hesabu, akairudia. Mwamba mweusi kama masizi hurudisha mwanga kiduchu, lakini jua huupasha, na joto lake halijifichi. Hii asteroidi ilikuwa kubwa maradufu ya ilivyodhaniwa.

Saa nane aliingia kwa mkuu, na fundi nyuma yake. Hakungoja swali.

"Mkia haina. Nilikosea kupandanisha. Ila naomba muda niipime ukubwa, hesabu hizi hapa."

Mkuu alizisoma polepole, kisha akamgeukia fundi. "Wewe unasemaje?"

Fundi akakohoa. Kumsifu shemeji yake mbele za watu kulimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Apewe, mkuu. Mwaka mzima nimeipita hiyo nikiiita kijiwe."

Mkuu akatia saini. Walipotoka tu, mtafiti alikuwa ameshatoa simu.

"Rudia hayo maneno, shemeji. Dada yuko hewani."