King'ora Kilichotii Kila Kidole

Mwalimu Joash alifundisha fizikia katika shule moja ya kutwa nje kidogo ya Uriri, na alikuwa na huruma na mashine kuukuu. Kompyuta ambayo wenzake waliitumia kuzuia mlango wa stoo usibamizwe na upepo, yeye aliipangusa, akaifungua, akaifunga tena, ikawaka. Haikuwa na nguvu ya kufungua hata barua pepe, lakini lugha ya kuandikia programu iitwayo BASIC iliielewa, na Joash hakuwa ameisahau tangu chuoni. Akaiandikia programu ya kupiga king'ora cha shule.

King'ora chenyewe kilitolewa na Mzee Noordin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Migori mjini, ambaye binti yake Shamima alisoma pale. Ukibonyeza S, kinalia mara moja kwa muda mrefu: somo limekwisha, walimu wabadilishane madarasa. C, mara mbili: chakula. N, mara tatu: nyumbani. Ukibonyeza H kinalia vipande vipande: hatari, watu wote uwanjani. Joash alikijaribu wiki nzima na hakikumkosea hata siku moja, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa kubonyeza mara moja, kufunga mikono na kungoja. Kipaza sauti cha king'ora kilichukua muda kidogo kabla ya kutoa sauti, na muda huo Joash hakuuona kuwa kitu.

Naibu wa mwalimu mkuu, Madam Truphena, hakuwa mtu wa kungoja. Akikupigia simu ukachelewa kupokea, alikata akapiga tena, halafu akakuuliza kwa nini laini yako iko bize.

Mzee Noordin alipokuja kusikiliza king'ora chake, mwalimu mkuu, Bwana Maranga, alikuwa mkutanoni Homa Bay, na Joash alikuwa maabara na kidato cha nne. Madam akaona hakuna haja ya kumsumbua. Alimweleza mgeni kwamba kubonyeza herufi moja si kazi ya daktari. Akamwingiza ofisini penye kompyuta, akambonyezea S.

Kimya. Mzee Noordin akatabasamu kwa adabu. Madam akabonyeza S tena, kisha tena, kwa nguvu zaidi. Akaamua kwamba herufi hiyo imekufa, akajaribu C. Akajaribu N. Akamalizia na H, kwa kuwa lazima moja kati ya hizo ingekuwa na akili.

Ndipo king'ora kilipolia. Walimu wakatoka madarasani na vitabu vyao, wakabadilishana. Bwana Caleb, wa Kiswahili, aliandika tarehe ubaoni, akageuka kuwasalimu wanafunzi, king'ora kikalia tena. Akahama. Huko alikohamia hakufika hata kwenye tarehe. Kilipolia mara ya tatu alibaki barazani na chaki mkononi, akingoja kuona maisha yanampeleka wapi.

Kikalia mara mbili. Phelesia, mpishi, alikuwa ndiyo kwanza ameinjika nyoyo, yaani mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, bado magumu kama kokoto, na shule nzima ikaja na sahani. Hajamaliza kuwafukuza, kikalia mara tatu, wakakimbilia mabegi yao kwa furaha ambayo hawakuwahi kuionyesha kwenye somo lolote. Wa kwanza walikuwa wamefika getini kilipoanza kulia vipande vipande. Wakarudi mbio hadi uwanjani.

Ofisini, Madam Truphena alikuwa akijaribu kukinyamazisha kwa njia aliyoijua. Alibonyeza kila herufi iliyokuwa mbele yake. Kompyuta haikukataa hata moja. Ilizipokea zote na kuziweka foleni, na foleni ilipojaa ikaanza kulia *tiit* kila alipogusa, jambo ambalo Madam alilichukua kuwa ni kujibiwa.

Mwalimu wa zamu alimwendea Phelesia, akamwambia atoke jikoni, kuna hatari.

"Kama ni moto," Phelesia akamwambia, "moto uko hapa, na mimi ndiye nimeuwasha. Enda kaangalie kwingine."

Joash alifika ofisini akihema, kwa kuwa mara mbili alisombwa na wanafunzi waliokuwa wakienda upande mwingine. Alichomoa waya ukutani. Ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa hata kuku wa jirani wakasikika.

"Mwalimu, mashine yako imekuwa mwendawazimu," Madam akasema. "Mimi nimebonyeza mara moja tu."

Joash alimweleza kwa upole kwamba mashine ikiwa kazini haisomi kibodi, lakini kibodi yenyewe hukumbuka. Ikimaliza kazi moja huchukua iliyofuata, na huko ndani zilikuwa zimebaki nyingi. Kosa, alisema, lilikuwa lake. Hakuwa amefikiria kuzimwaga zilizobaki.

Walipomtafuta mgeni walimkuta uwanjani, amesimama kwenye mstari wa kidato cha pili, kofia imenyooka, jasho likimtiririka. Aliposikia ni hatari alikwenda walikokwenda wengine. Aliuliza kwa heshima kama sasa anaruhusiwa kutoka mstarini, kisha akacheka mpaka ikabidi ashikwe mkono. Shamima alijificha nyuma ya rafiki zake.

Jioni hiyo Joash aliongeza mstari mmoja kwenye programu: kila king'ora kinapomaliza kulia, maadamu kuna herufi iliyobaki kwenye kibodi, ichukue uitupe, ndipo usubiri mpya. Aliujaribu kwa kubonyeza kama Madam, kwa vidole vyote. King'ora kililia mara moja, kikanyamaza.

Wiki haikuisha kabla Madam hajaja maabara kulalamika. Mashine sasa inamdharau, alisema. Anabonyeza, inajifanya haisikii, halafu inalia kwa wakati wake.

Joash alifikiri kidogo, akaenda kuongeza mstari wa pili. Kuanzia hapo, ukibonyeza herufi tu, kioo kinaandika: NIMEKUSIKIA, MADAM. NGOJA KIDOGO.

Madam Truphena alisoma, akaitikia kwa kichwa, akarudisha mikono mapajani na kungoja. Hakukuwa na shida tena. Anayelalamika siku hizi ni Bwana Maranga, ambaye hubonyeza king'ora cha asubuhi na kuitwa Madam kila siku. Joash humwahidi kwamba atalirekebisha jambo hilo likizo ikifika.