Pasipoti Yako Anayo Nani?

1.

TANGAZO KWA UMMA
Kuelekea mashindano ya Kombe, wananchi wote mnakumbushwa kuwa usafirishaji haramu wa binadamu ni kosa la jinai. Atakayebainika atachukuliwa hatua kali za kisheria.
*Kamati ya Maandalizi*

2.

Stendi ya Namanga, mpakani, madereva wawili mbele ya tangazo hilo:

— Suala la kuzidisha abiria safari hii wamelivalia njuga.

— Sisi halituhusu. Gari lina leseni, lina bima, kila abiria na siti yake.

— Usafirishaji halali huo!

— Tena tunawapeleka mpirani.

3.

Nashipai Laizer, afisa ustawi wa jamii, ndiye aliyelibandika. Aliyasikia hayo akiwa bado na gundi vidoleni. Alitaka kucheka, akashindwa. Akataka kulia, hilo nalo likamshinda. Kamati ilikaa wiki nzima, ikala kuku, ikabishana neno "haramu" liwe jekundu au jeusi. Hakuna aliyeuliza kama msomaji ataelewa. Yeye pia hakuuliza, na hilo ndilo lililomuuma.

Maana wanawake walikuwa wanavuka. Walikuwa wanavuka na vicheko vyao na mabegi mapya, na wengine simu zao zilikuwa hazipatikani tena.

4.

Hebu wewe unayesoma, niambie. Umewahi kukutana na mtu akakwambia, "Hujambo, mimi nasafirishwa kiharamu"?

Hayupo.

Anayevuka husema amepata kazi.

5.

*(Ujumbe wa sauti. Eliwaza, msusi, kwa dada yake.)*

Dada, shikamoo. Tumefika mpakani salama. Kaka Gasto aliyetutafutia kazi ni mtu wa watu, hadi chai katununulia. Tuko wasusi wanne. Anasema mashabiki watapanga foleni tuwasuke rangi za timu zao, mikono itaota sugu! Pasipoti zetu kazishika yeye, zisije zikapotea. Huko saluni kwenyewe hajasema ni wapi, ila mwambie mama asi—

6.

TANGAZO (TOLEO LA PILI)
~~Biashara haramu ya binadamu ni~~

Mama lishe alilisoma mara mbili, mwiko mkononi.

— Mwanangu, watu wanauzwa? Hayo si yaliisha na utumwa?

Nashipai akalibandua mwenyewe.

7.

— Mwenyekiti, shikamoo.

— Marahaba.

— Naomba kubadilisha tangazo.

— Lina mhuri tayari, binti yangu.

— Mhuri linao, mzee. Halina msomaji.

Mwenyekiti wa Kamati alikohoa.

— Andika. Liwe fupi. Na mimi sijasikia kitu.

8.

*(Kwa kalamu ya wino mzito. Ndani ya mlango wa choo cha wanawake, ambako akina Gasto hawaingii.)*

Dada,

pasipoti yako anayo nani?

Kama si wewe, iombe sasa hivi.

Akikataa, piga kelele. Niko dirisha la mwisho.

Nashipai

9.

Foleni ya uhamiaji. Kutoka dirisha lake Nashipai alimwona msusi mmoja akitoka chooni, mikono inachuruzika maji. Hakumjua jina. Alijua tu kwamba wakishapita hapa, mkono wake hautawafikia tena.

Msusi alimwendea mwanamume mwenye bahasha kwapani.

— Kaka Gasto, naomba pasipoti yangu.

— Ya nini tena, mdogo wangu? Si nakutunzia?

— Naomba tu.

— Utaipata tukifika.

— Tukifika wapi?

Gasto akacheka kwa sauti, akiwaangalia watu ili nao wacheke. Hakuna aliyecheka. Nashipai alikuwa ameshasimama. Aliogopa. Aliogopa kuchelewa kuliko alivyoogopa kingine chochote.

Eliwaza hakuondoka. Alinyoosha mkono, bado umelowa.

Naye msusi wa pili, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akatua begi lake chini.

— Na yangu, kaka.

Nashipai akafungua mlango, akiwasikia wa tatu na wa nne.

— Na yangu.

— Na