Saa ya Ukutani kwa Bwana Zahran

Sikukuu ilikuwa inakaribia, na watu walishajazana nje ya ofisi yetu ya tiketi za boti, Malindi. Ndani, kompyuta ilikuwa imeganda tena. Tangu mwezi uliopita ilikuwa ikiganda kila asubuhi, saa mbili, wakati watu ni wengi kabisa.

"Izime, uiwashe," Bwana Zahran, mwenye boti, alimwambia dada yangu bila ya kumtazama.

Dada Mwanakheri akaizima, akaiwasha. Ilipoamka, kiti cha Mzee Mkadam kilikuwa na jina la mtu mwingine.

"Nnakwenda Dar kwa mke wangu," Mzee Mkadam alisema dirishani. "Sasa nikapakatwe na huyo Muhiddin?"

Watu wakacheka. Bwana Zahran hakucheka.

"Kiti kimoja watu wawili, na anayeshika mashine ni mmoja," alisema. "Fundi anakuja. Asipokuta ubovu kwenye mashine, Mwanakheri, kesho usije."

Nilikuwa nimesimama na birika la chai, sijui nilitue wapi. Dada ndiye aliyenitia pale nifagie na nipike chai. Akiondoka yeye, sote wawili tungerudi Makunduchi, na mama alikuwa akitutegemea.

Fundi alikuwa Bi Sumaiya, binti wa mjini aliyesomea Dar. Alivuta kiti, akaanza kubonyeza. Nikamwekea chai, ikapoa. Dada alikuwa akiikunja ncha ya mtandio wake na kuikunjua. Nje watu wakagonga dirisha.

"Majina yamo jedwali moja, viti vimo jedwali jingine," Bi Sumaiya alisema hatimaye. "Vinashikana kwa namba, na namba zimekatika. Nani anayeizima mashine inapoandika?"

"Mimi," alisema dada. "Ikiganda naambiwa niizime."

Bwana Zahran akatazama feni.

"Haigandi. Inajinakili na kujipanga upya, ndiyo inawakawiza. Ukiizima katikati, mambo yanabaki nusunusu. Lakini nilipoifunga mashine, kazi hiyo niliiwekea saa nane za usiku, watu wamelala. Kwa nini inaifanya asubuhi?"

Akainama kwenye pembe ya kioo cha kompyuta. Jua lilikuwa kali barazani, lakini kwa hesabu ya mashine hata adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Akageuka ukutani. Pale ilitundikwa saa ya marehemu babu yake Bwana Zahran, inayokwenda kwa hesabu yetu ya Kiswahili: jua likichwa, mshale mfupi uko kumi na mbili. Kioo na ukuta vilikuwa sawasawa.

"Nani aliyeitia saa hii mashine?"



"Umeme ulipokatika ilirudi na saa ya ajabu," alisema Bwana Zahran. "Nikaitengeneza kwa ile. Saa ile haijapata kudanganya. Babu akiendea msikitini."

"Haijadanganya, ami. Mashine ndiyo haiijui. Yenyewe huanza kuhesabu kutoka katikati ya usiku. Ukiiambia mbili, hiyo kwake ni saa nane za usiku, basi inaanza kazi yake."

Bwana Zahran alipangusa miwani.

"Sasa mimi kesho nije au nisije?" aliuliza dada.

"Utakuja. Nani atawapanga hawa?"

"Kuwapanga ni kazi," alisema Bi Sumaiya, akiirudisha saa ya mashine mahali pake. "Nakala zote tangu mwezi uliopita zimeharibika pia. Itabidi waulizwe mmoja mmoja."

Kwa hiyo ikanibidi nitoke mlangoni, nipaze sauti yangu ambayo hata nyumbani haisikiki, niwaombe waliokwisha kununua waje upande wangu. "Sema, mwanangu, hatukuli," Mzee Mkadam alinitania. Tukaendelea hivyo mpaka laasiri.

Asubuhi ya pili yake, ilipokaribia saa mbili, sote tuliitazama kompyuta. Dada alikalia mikono yake isije ikaenda kwenye swichi. Printa ikalia, tiketi ya Mzee Mkadam ikatoka.

"Kiti cha peke yangu?"

"Cha peke yako, babu."

Bwana Zahran aliinuka, akamimina chai mwenyewe, akaisogeza kwa dada. Dada hakuinywa. Alikuwa bado anakitazama kioo.