Mchuma Chai Aliyegombewa na Mawifi

Wiki nzima Baba Pacha huendesha basi la shule, masikio yamejaa kelele za watoto, na ikifika Jumamosi hana anachokitaka duniani zaidi ya kulala mpaka mgongo uchoke wenyewe. Jumamosi hiyo hakulala. Dada yake, mkunga aliyestaafu kazi lakini hajastaafu kuamrisha watu, alikuwa amesikia kwamba kile kiwanda cha zamani cha chai kimegeuzwa makumbusho, na alfajiri alishafika mlangoni na mkoba wake kwapani.

"Amka, mdogo wangu. Tunakwenda kuwaona wazee wetu."

"Wazee wetu tuliwazika, Dada."

"Tunakwenda kuona kazi yao. Usinichokoze, sijanywa chai."

Baba Pacha akageuka upande wa pili wa kitanda kuomba msaada kwa mkewe. Upande ulikuwa mtupu. Mama Pacha, ambaye ni fundi wa nguo na mtu wa maandalizi, alishavaa, kajipaka mafuta, na alikuwa nje amekaa kwenye kiti cha mbele cha gari. Mkunga alipomkuta pale, alisimama tu karibu na mlango wa gari na kuvuta pumzi ndefu, mpaka Mama Pacha akashuka mwenyewe akaenda nyuma.

"Kaa mbele, wifi yangu. Nyuma nitalala vizuri."

"Asante, wifi. Wewe una moyo."

Baba Pacha aliwasha gari. Ndoa yake ilikuwa imemfundisha kwamba mawifi hao wawili wakiitana kwa utamu namna hiyo, mwanamume mwenye akili huangalia barabara.

Mama zao wote wawili walichuma chai katika shamba lile lile, na wao watatu walikulia katika nyumba za wafanyakazi, zile za mlango kwa mlango ambapo jirani akipiga chafya unamjibu ukiwa kwako. Hivyo waliingia makumbusho kama watu wanaorudi nyumbani. Lilikuwa jengo refu la bati, kuta zimepakwa chokaa upya, ila harufu ya majani makavu haikukubali kufunikwa na rangi.

Chumba cha kwanza kilikuwa na matenga ya kuchumia, yametundikwa ukutani.

"Mama alikuwa na tenga kama hili," akasema Mkunga.

"Na mama yangu," akasema Mama Pacha.

"Mama yako alikuwa na dogo, wifi. Alikuwa mwembamba."

Wakapita kwenye mizani. Mkunga akasema mizani hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpimia mama yake. Wakapita kwenye mashine ya kusokota majani, kubwa kama nyumba ndogo. Mkunga akasema mngurumo wake ndio uliokuwa ukimbembeleza yeye utotoni, akaipigapiga ubavuni kama anayempongeza mzazi, chini kabisa ya kibao kilichoandikwa USIGUSE. Mtunza makumbusho, binti mwenye miwani na sauti ya upole, akakohoa kidogo.

"Samahani, Mama, mashine haiguswi."

"Mwanangu, mimi na mashine hii tunajuana."

Baba Pacha akamtazama mkewe kwa jicho la pembeni. Mama Pacha alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikuwa limebana kama nguo ya mteja aliyenenepa baada ya kupimwa.

Ndipo wakafika kwenye picha.

Ilikuwa imekuzwa ikajaa ukuta mzima. Wachumaji wamepanga foleni kwenye kibanda cha kupimia, na katikati yao mmoja anaonekana kuanzia kifuani kwenda juu, tenga mgongoni, kitambaa cha kichwa kimeshuka mpaka kwenye nyusi na fundo lake limefunika kidevu. Amegeuza uso nusu, upande mmoja uko kivulini, na anacheka. Anacheka kwa namna ambayo anayemtazama naye midomo inaanza kumcheza. Chini yake pameandikwa mwaka, na maneno haya: Mchuma chai, hajulikani.

"Hajulikani!" Mkunga akapaza sauti. "Mama huyu!"

"Ndiye," akasema Mama Pacha kwa sauti ya chini. "Mama yangu."

Mkunga akageuka taratibu.

"Mama yako, wifi?"

"Mama yangu, wifi. Tazama shavu."

"Shavu hilo ni la kwetu. Mimi nina shavu hilo."

"Wewe shavu lako limekuja ukubwani."

Baba Pacha akaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, lakini mgongo wake ukagonga mashine isiyoguswa.

"Baba Pacha!" wakaita wote kwa pamoja. "Njoo hapa useme. Huyu ni nani?"

Akasogea. Alitazama picha kwa muda, na jambo fulani likamchoma ambalo hakulitegemea. Alikuwa anamkumbuka mama yake vizuri, mpaka sauti ya kandambili zake. Lakini kila alivyomtazama yule mtu ukutani hakumtambua, na wakati huo huo hakuweza kusema hamjui. Ilikuwa kama jina lililo kwenye ncha ya ulimi.

"Picha ina kivuli," akasema.

"Mwanamume huyu!" Mkunga akasonya. "Mama yako mzazi!"

"Au mama mkwe wako," akasema Mama Pacha, "aliyekupa mke bila kukusumbua."

Mtunza makumbusho akaja haraka, akiogopa kwamba safari hii ni ukuta unaoguswa. Alipoelezwa ugomvi, alivua miwani akaifuta.

"Shikamooni tena wazazi wangu. Tangu tufungue, huyu ana watoto wengi. Wiki iliyopita kuna mzee alilia hapa, akasema ni shangazi yake."

"Huyo mzee ana macho mabovu," akasema Mkunga. "Wewe mwanangu, picha hii imekatwa. Iko wapi nzima?"

"Iko stoo, Mama. Ndogo tu."

"Ilete. Mimi nimewatambua watoto wakiwa wametoka nusu, sembuse mtu mzima."

Binti akaenda, akarudi na picha ndogo ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka juu ya meza karibu na dirisha. Vichwa vinne vikainama. Hapa foleni ilionekana yote. Wenzake yule mtu walikuwa wanacheka pia, mmoja ameshika mbavu, mwingine anamnyooshea kidole. Na yeye mwenyewe alionekana mpaka chini, aproni ya plastiki imeishia magotini, na chini ya aproni kuna suruali iliyokunjwa, na chini ya suruali kuna miguu mitupu, mikubwa, imepandwa ardhini kama ya mtu anayesubiri kubebeshwa gunia.

"Mama yako alikuwa na miguu mikubwa, wifi," akasema Mama Pacha.

"Mama yako ndiye alikuwa..." Mkunga akaivuta picha karibu. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa plastiki. "Baba Pacha. Tazama vidole."

Baba Pacha akatazama. Katika kila mguu, kidole cha pili kilikuwa kimepanda juu ya kidole gumba na kukaa pale kwa raha zake. Akakaa kwenye benchi, akavua kiatu, akavua soksi. Mkunga naye akavua ndala. Mtunza makumbusho alitaka kukohoa, kikohozi kikagoma.

Hivyo vidole Mama Pacha alikuwa anavijua kuliko mtu yeyote. Tangu aolewe alikuwa akiviita abiria, kwa sababu vilipandiana kama watu wasiolipa nauli. Akatazama mguu wa mumewe, akatazama wa wifi yake, akatazama picha. Kisha akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Baba mkwe!" akasema. "Ni Baba mkwe wangu!"

Baba yao alikuwa mlinzi wa ghala la kiwanda, mtu wa maneno machache na mkanda uliokazwa. Alipokohoa mlangoni, hata kuku walijipanga. Hakuna aliyewahi kumwona akishika ufagio, achilia mbali kitambaa cha kichwa.

"Haiwezekani," akasema Baba Pacha, mguu bado mtupu. "Baba alikuwa na masharubu."

Lakini Mkunga alikuwa ameketi chini kabisa, mkoba mapajani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake haikuwa ya amri.

"Mwaka huo ndio uliozaliwa wewe," akasema. "Mimba yako ilikuwa ya kusumbua. Mama alilazwa chali ndani, asinyanyue hata sufuria, na mimi nikapelekwa kwa Bibi. Kipindi kile mchumaji asipotokea, mstari wake wa michai anapewa mwingine, na ukipoteza mstari umepoteza na nyumba. Nilikuwa najiuliza siku zote mstari wa Mama ulibakije. Niliporudi nilimkuta Baba hana masharubu, nikamlilia nikidhani ni mgeni. Aliniambia yameungua na jiko."

"Kwa hiyo usiku analinda ghala," Baba Pacha akasema polepole, "na mchana..."

"Mchana anachuma. Na nyapara anajifanya kipofu. Na foleni nzima inamcheka."

"Naye anacheka," akasema Mama Pacha.

Baba Pacha akaiinamia tena ile picha ndogo. Sasa alielewa kwa nini alishindwa kumtambua. Maisha yake yote na baba yake hakuwahi kumwona akicheka. Kumbe alishacheka, siku ambazo yeye mwenyewe alikuwa bado tumboni akiwasumbua watu.

Mkunga akapenga kamasi kwa leso. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kubaki chini muda mrefu, akamgeukia wifi yake.

"Na wewe! Umemdai baba yangu ni mama yako asubuhi yote hii!"

"Na wewe umemdai ni mama yako. Mimi angalau nilikuwa na kisingizio, sikuzaliwa naye."

"Lakini kweli ulimwona mama yako pale?"

Mama Pacha akacheza na kifungo cha mkono wa gauni lake. "Shavu lilifanana kidogo," akasema. "Lakini wifi, ulishachukua tenga, ukachukua mizani, ukachukua na mashine. Nikasema leo na mimi sitoki humu mikono mitupu."

Mkunga akamkodolea macho, kisha akacheka mpaka benchi likalia. Akamshika mkono wifi yake akamvuta.

"Twende. Mizani nakupa. Ilikuwa inampimia mama yako."

"Na tenga?"

"Usizidishe."

Mtunza makumbusho, aliyekuwa amesimama na picha yake kama aliyeshika yai, akauliza kwa adabu aandike nini sasa chini ya ile picha kubwa, maana haifai tena kusema hajulikani. Mkunga akasema aandike Mlinzi wa ghala. Mama Pacha akasema hapana, aandike Mume wa mchuma chai, akishika zamu. Mawifi wakatazamana, na kwa mshangao wa Baba Pacha, Mkunga akakubali bila kubadilisha hata neno moja.

Wakaondoka kuelekea chumba cha mwisho, ambako wageni hupewa chai ya kuonja, huku wakibishana kama chai nzuri inahitaji sukari. Baba Pacha akabaki kufunga kamba za kiatu. Alipomaliza hakuinuka mara moja. Aliangalia huku na huku, akahakikisha binti wa miwani ameshageuka, kisha akasimama wima mbele ya ule ukuta.

"Shikamoo, Baba," akasema.

Yule mtu aliendelea kucheka.

"Baba Pacha!" Sauti ya mkewe ikaja kutoka mlango wa pili. "Umekwama wapi? Au unaongea na mama mkwe wangu?"

"Nakuja," akajibu, akafuta macho upesi kwa mkono wa shati, akaenda kunywa chai.