Kijiti Kilichoganda Mkononi mwa Hedwig

Alasiri ile nililala na kinyongo. Mwalimu wetu wa darasa la jioni alikuwa amemchagua Tausi, si mimi, awasomee wageni insha tuliyoiandika pamoja, habari za Hedwig, binti wa Kijerumani aliyekimbia mbio za kupokezana vijiti enzi zile wanawake walipoanza kukubaliwa viwanjani. Tausi ana sauti, sikatai. Lakini aliyezichimbua habari zile kitabu baada ya kitabu, mtoto mgongoni, ni nani? Basi karatasi nikazisokota, nikazisukumia chini ya godoro la mwanangu Shukuru. Tausi alipokuja kuziulizia, nilimjibu bila kumtazama, "Sijui, shoga. Labda umeziacha darasani." Akatoka mbio kwenda kuzitafuta. Nami nikajilaza kumnyonyesha mtoto, usingizi ukanipitia.

Nikajiona katika nchi ambayo ardhi yake yote ni njia ya kukimbilia, nyeusi kwa chenga za makaa, ikiuzunguka mlima ambao kileleni pake Sifa amekalia kiti cha shaba, akirusha magazeti chini kama anayewamwagia kuku mtama. Kando yangu alitembea mama mmoja wa makamo, viganja vyake vipana, vimefunguka muda wote. "Niite Bi Ukunjufu," akasema. "Mtazame yule penye kona."

Alikuwa Hedwig, akisubiri kijiti. Miaka mitatu alikuja kiwanjani akitokea kiwanda cha nyuzi, pamba ingali nyweleni, na miaka miwili kati ya hiyo alikuwa mkimbiaji wa mwisho, yule anayekata utepe kwa kifua na kupigwa picha. Kisha akaja Lotte, muuza mikate, na kocha akasema, "Hedi, hakuna anayeikata kona kama wewe. Wewe utakuwa wa tatu, Lotte atamalizia." Tangu siku hiyo Hedwig alimchekea Lotte kwa meno tu, na begani mwake akahamia Kijicho, mwembamba kama sindano, asiyefumba macho.

"Magazeti yataandika jina la nani?" Kijicho akamnong'oneza. "Usikiachie haraka. Pumzi moja tu! Avuke mstari wa chokaa, mwisho wa kupokezana, mikono mitupu, wamcheke."

"Ni rafiki yangu."

"Rafiki! Mbona hakuikataa nafasi yako?"

Nami, Mungu anisamehe, nikajikuta nachekelea. Mwache aumbuke!

Kijiti kikafika. Hedwig akaikata kona kama upepo, akawapita wawili. Lotte akaanza kukimbia, mkono nyuma, kiganja wazi, akiamini. Hedwig akashikilia. Pumzi moja. Lotte akauvuka mstari bila kitu, bendera nyekundu ikapanda, timu nzima ikafutwa. Lotte aligeuka, hakukasirika, akauliza tu, "Hedi, umeumia?" Hapo kijiti kikaanza kuwa kizito, kikaganda mkononi mwa Hedwig hata vidole havikufunguka, na kule mlimani Sifa hakuinua hata uso.

"Katika mbio hizi, mwanangu," Bi Ukunjufu akasema taratibu, "anayekimbia ni kijiti. Nyinyi ni mikono yake tu. Ukikizuia, umemsimamisha mwenzako, na kona yako uliyoikata vizuri vile haitakumbukwa na mtu. Sasa tazama mkono wako."

Nikatazama. Nilikuwa nimeshika karatasi zilizosokotwa, nzito kama chuma.

Kilio cha Shukuru kikaniamsha. Mkono wangu ulikuwa umezama chini ya godoro, umezing'ang'ania zile karatasi hadi vidole vimekufa ganzi. Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Nikamfunga mtoto mgongoni, khanga upande, nikakimbia kama sijawahi kukimbia tangu nizae.

Tausi alikuwa mlangoni mwa darasa, macho yamelowa, wageni wameshaketi.

"Zilikuwa kwangu," nikamwambia nikihema. "Nilizificha."

"Wewe! Mama Shukuru, wewe?"

"Utanitukana baadaye. Shika."

Akafuta macho, akanyoosha kiganja. Nikaachia. Nilisimama nyuma kabisa nikimbembeleza mtoto, na Tausi alipofika pale Hedwig anapoikata kona, sentensi zangu zile, wageni wakapiga makofi wakimtazama yeye. Wivu ulinichoma, siwezi kuwadanganya. Ila vidole vyangu vilikuwa vimeshafunguka, na Shukuru alikuwa amevishika viwili, akivichezea.